WAKIJA NA CHANJO YA MAJARIBIO YA KUHARA, TUSEME NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Himdi zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, juzi baada ya Isha nimekuta ujumbe wa dada mmoja wa Nyabusozi, huku kwetu Kagera. Ana kichanga cha wiki tano. Anasema kwenye kundi la kinamama wa msikitini kwao imezunguka klipu inayosema watoto wa Kiislamu wa Gambia wanafanyiwa majaribio ya chanjo ya kuhara, ya kunywa, na kwamba wakimalizana nao watakuja kwetu. Mumewe alipoisikia akapiga marufuku chanjo zote za mdomoni, hata matone ya rota ya kliniki ambayo mtoto anatakiwa kuyaanza akitimiza wiki sita, yaani wiki ijayo. Dada anauliza mambo mawili. Je, amtii mumewe? Na hao wa majaribio wakija kweli, ni haramu kushiriki?

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikalale. Lakini nikajiuliza: wangapi wamepata klipu hiyo na hawakuuliza? Kwa hiyo nisomeni kwa subira, maana leo nitakuwa mrefu.

Tuanze na Gambia, kwa sababu uongo mgumu kuung'oa ni ule uliochanganywa na ukweli. Ni kweli, watoto wa Gambia kwa maelfu, wa kati ya miezi 6 na 18, wameingizwa kwenye utafiti wa chanjo ya kunywa iitwayo ETVAX. Ni chanjo ya kukinga kuhara kunakoletwa na aina fulani ya bakteria wa E. koli, wale wanaoingia kwa maji machafu na chakula kilichochafuliwa. Hapo klipu imesema kweli. Ila imekata mwanzo wa habari. Chanjo hiyo imetengenezwa Sweden, na watu wa kwanza kuinywa walikuwa watu wazima wa Sweden, kwa hiari yao. Ikaenda Bangladesh, nako wakaanza na watu wazima, wakashuka kwa watoto wakubwa, wakashuka tena pole pole mpaka wa miezi sita, na dozi ikapunguzwa kadiri umri ulivyopungua. Zambia nako ikapimwa. Ndipo ikafika Gambia. Sasa mtu akichukua ukurasa wa mwisho wa kitabu akauita kitabu kizima, huyo tunamwitaje?

Utasikia wengine wakisema, "Basi wajaribu hukohuko kwao mpaka mwisho, wakimaliza ndiyo watuletee." Neno hili linapendeza masikioni na mimi mwenyewe nimewahi kulisema. Lakini lina kasoro. Chanjo ya kunywa hufanya kazi yake ndani ya utumbo, na utumbo wa mtoto anayekunywa maji ya bwawa tangu alipoanza uji si sawa na wa mtoto wa mjini Stockholm. Umeshachoka na vijidudu vya kila aina. Wataalamu wameliona hili kwa miaka mingi, kwenye polio, kwenye rota, kwenye kipindupindu: chanjo za mdomoni mara nyingi hukinga kidogo zaidi kwenye nchi kama zetu kuliko Ulaya. Kwa hiyo anayesema wapime kwao tu, anaomba bila kujua tuletewe kitu ambacho hakuna aliyekihakikisha kwenye matumbo ya watoto wetu. Nguo ya mtoto wako huipimi kwa mtoto wa jirani.

Na maradhi haya kwetu si hadithi. Wazee wa Ngara wanaokumbuka mwisho wa Aprili 1994 wanajua. Ndani ya siku moja hivi watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakajaa Benaco. Maji, vyoo, kuni, kila kitu kilizidiwa. Miezi michache baadaye, Julai, wengine laki kadhaa wakaingia Goma, na huko ndani ya mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Hiyo ya kuhara damu ilikuwa ya bakteria wa shigela, waliokuwa wameshazoea dawa za kawaida za vidonge. Mpaka leo shigela haina chanjo inayotumika duniani kote. Inatafutwa. Na inayotafutwa haipatikani bila mtu kukubali kupimwa.

Hapa kuna ndugu ananiambia, "Sheikh, si anayekufa kwa maradhi ya tumbo ni shahidi?" Ndiyo, imepokewa hivyo, na ni rehema kubwa kwa waliofiwa. Lakini aliyezama majini naye ametajwa kwenye hadithi hiyohiyo, na sijaona mtu akimtupa mwanawe ziwa Burigi ili apate daraja hiyo. Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh akielekea Sham, akaambiwa kuna tauni mbele, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye qadar ya Allah kwenda kwenye qadar nyingine ya Allah, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye kuchagua bonde lenye majani badala ya lenye ukame. Kinga ni sehemu ya qadar. Hili tusilibishanie.

Sasa turudi nyumbani zaidi. Wengi hamjui kwamba chanjo ya kunywa ya kipindupindu ilipimwa kwenye nchi yetu wenyewe, tena kwenye watu ambao karibu wote ni Waislamu. Mwanzoni mwa 2009, Zanzibar, kwenye shehia za Unguja kama Chumbuni na za Pemba kama Mwambe, serikali ya huko pamoja na Shirika la Afya Duniani na taasisi ya kimataifa ya chanjo waliwapa watu chanjo ya Dukoral, dozi mbili. Ni bakteria wa kipindupindu waliokwisha kuuawa, wakichanganywa na maji yenye unga wa bikaboneti ili asidi ya tumbo isiwaharibu kabla hawajafika kwenye utumbo. Hapakuwa na kupewa watu dawa ya uongo pale. Kila mkazi wa shehia hizo kuanzia miaka miwili alikaribishwa, isipokuwa wajawazito. Katika watu 48,178 walikunywa dozi zote mbili 23,921. Nusu hivi. Nusu nyingine hawakunywa, wala hawakufungwa, wala hawakunyimwa matibabu. Shikeni hilo.

Wakafuatiliwa zaidi ya mwaka. Ikaonekana kwamba waliokunywa walikingwa kwa asilimia 79, maana yake kwenye wagonjwa 100 ambao wangepatikana kati yao, kama 79 hawakuugua. Na likaonekana jambo lingine ambalo mimi lilinigusa kuliko hilo. Kwenye mitaa ambayo wengi walikunywa, hata yule ambaye hakunywa alipata kinga, kwa kuwa jirani yake hakuugua, basi hakuchafua kisima. Tunasoma haki za jirani kila Ijumaa. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba kukinga tumbo langu ni haki ya jirani yangu.

Vipi kuhusu uzazi, maana klipu haikosi neno uzazi? Kuna wanawake wa Zanzibar walikunywa bila kujua kwamba wana mimba changa. Watafiti hawakuwaficha chini ya zulia, waliwafuata na kuangalia mimba zao ziliishaje, wakazilinganisha na za ambao hawakunywa. Hawakuona madhara. Wanawake wa Chumbuni wanaendelea kuzaa, alhamdulillah.

Lakini sitaki mniletee chanjo mahali pa choo. Mwaka 2015 kuingia 2016 kipindupindu kilirudi Zanzibar, zaidi ya watu 4,000 wakaugua na makumi wakafa. Kinga ya chanjo hupungua kwa miaka, waliochanjwa 2009 walikuwa wachache, na maji hayakuwa yamerekebishwa. Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia kwenye maji yaliyotuama, njiani na kwenye kivuli cha watu, akaonya kwamba jambo hilo linaleta laana. Atakayekuja na chupa ya chanjo bila kuuliza kisima kiko wapi na choo kiko wapi, mwambieni arudi akaulize.

Sasa naja upande wa pili. Sitaki mtu aseme sheikh amekuwa msemaji wa hospitali. Hofu ya mume wa yule dada ina mizizi, na mizizi hiyo si ujinga mtupu. Mwaka 1996, Kano, kaskazini mwa Nigeria, mji wa Waislamu, kulikuwa na mlipuko mkali wa homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ikaenda na dawa mpya ya majaribio iitwayo Trovan, ikaipima kwa watoto wapatao 200, nusu wakipewa hiyo na nusu dawa nyingine. Watoto 11 wakafa, wengine wakabaki na ulemavu. Wazazi wakasema hawakuelezwa kwamba lile lilikuwa jaribio. Kampuni ikakana kwamba dawa yake ndiyo iliyowadhuru, ikasema ni maradhi yenyewe, lakini mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza kesi na jimbo la Kano. Mzazi aliyempeleka mwanawe akidhani anatibiwa, kumbe anapimwa, ana haki ya kulia mpaka Siku ya Kiyama.

Na sisi masheikh tulifanya nini na machozi hayo? Mwaka 2003, huko huko Kano, baadhi ya viongozi wa dini na wa serikali walisimamisha chanjo ya polio, chanjo ambayo haikuwa jaribio, imetumika duniani kwa miaka mingi, wakisema inaua uzazi. Polio ikafufuka. Kirusi kilichotoka kaskazini mwa Nigeria kikaja kupatikana Sudan, Yemen, mpaka Indonesia. Tazameni ramani hiyo, ni ramani ya ummah. Watoto waliopooza miguu walikuwa wa kwetu. Kosa la kampuni lililipwa dola. La kwetu sijui nani amelilipa.

Nikitafuta kwenye Sunna jambo linalofanana na haya, narudi kila mara kwenye kisa cha maradhi ya mwisho ya Mtume (s.a.w.), aliyokisimulia mama yetu Aisha (r.a.), nacho kimo kwa Bukhari na Muslim. Walimtia dawa pembeni mwa kinywa. Yeye akawaashiria wasimpe. Wakaambizana kwamba ni tabia ya mgonjwa kuchukia dawa, wakampa. Alipozinduka akawauliza kama hakuwakataza. Kisha akaamuru kila aliyekuwemo nyumbani atiwe dawa ile ile huku yeye akitazama, isipokuwa ami yake Abbas ambaye hakuwepo. Ndugu zangu, ni dawa ya mdomoni. Waliompa walikuwa watu wanaompenda kuliko nafsi zao, wakimtakia kheri. Bado hakuliacha lipite. Wanazuoni wamekisherehesha kisa hiki kwa namna mbalimbali, lakini mimi nachukua hapa kwamba kinywa cha mtu kina heshima, na nia njema ya mwenye dawa haimruhusu kukifungua bila idhini.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu majaribio, na mimi ni mwanafunzi wa elimu tu, ni kwamba kushiriki si wajibu, wala si haramu kwa asili yake. Ni mubaha, na huweza kuwa thawabu kwa mwenye nia ya kuwanusuru watoto wengine, ikiwa yametimizwa haya. Waonyeshe kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na cha TMDA, mamlaka ya dawa. Bila karatasi hizo, hata wakija na gari zuri namna gani, wapeni maji wanywe muwaage. Waeleze kwa Kiswahili cha kueleweka, na kwa bibi zetu wanaosikia Kihangaza au Kishubi tu waelezwe kwa lugha hiyo, kuna faida gani na kuna madhara gani. Wakupe nakala ya fomu ukae nayo nyumbani, ulale nayo, umuulize unayemuamini. Ujue unaweza kujitoa siku yoyote bila kukosa huduma ya zahanati. Mtoto akidhurika, nani anatibu na kwa gharama ya nani? Liulizeni kabla ya kalamu kushikwa. Mtume (s.a.w.) amemtia dhamana anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu, basi na dhamana iandikwe.

Wengine watauliza kuhusu ile desturi ya utafiti, kwamba nusu wanapewa chanjo na nusu maji yasiyo na dawa, na hakuna anayejua amepata kipi. Je, si ghishi? Ingekuwa ghishi kama ungefichwa. Ukiambiwa mapema kwamba itapigwa kura na wewe ukakubali, hakuna aliyekudanganya. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipiga kura baina ya wake zake anapotaka kusafiri, asipendelee. Lakini wakati wote wa utafiti mtoto wa kundi la maji akiugua apewe ORS na zinki na matibabu yote sawa na mwenzake. Hapo msilegeze.

La swaumu ni jepesi. Chanjo ya kunywa inapita kooni, inafunguza. Mtu mzima ainywe usiku au asubiri baada ya Ramadhani, na mtoto mchanga hana swaumu. La viambato, kama kuna cha nguruwe au pombe, wana orodha yao, waitoe, tuisome na wanaojua ndipo tuhukumu. Tusihukumu kwa kunusa.

Nimesema mengi juu ya Kano, sasa niseme juu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye darsa baada ya Alasiri, niliulizwa kuhusu matone ya watoto. Sikuwa na elimu nayo. Nikasema kwa sauti nzito, "Yaacheni kwanza mpaka tujue." Watu wakasema Allahu Akbar. Nikaenda zangu nyumbani. Sikumuuliza daktari, sikumuuliza nesi, sikufungua kitabu. Kama miezi minne baadaye mzee mmoja akanishika mkono mlangoni mwa msikiti, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sheikh, ulishajua?" Sikuwa na jibu. Alikuwa na wajukuu watatu ambao hawakupelekwa kliniki miezi yote hiyo, wakinisubiri mimi. Hawakudhurika, Allah aliwahifadhi, lakini kuhifadhiwa kwao si kwa hekima yangu.

Ndipo nikakumbuka kisa kilichomo kwa Abu Daud, kutoka kwa Jabir (r.a.). Mtu alipigwa jiwe kichwani safarini, kisha akajiotea usiku. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika mno, akasema wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Walikuwa watu wa swala, si wahalifu. Walijibu tu swali ambalo hawakulijua. Tangu siku ya yule mzee, nikiulizwa kuhusu dawa nasema, "Sijui, nipe siku tatu," na ninahesabu siku.

Na wewe unayesukuma klipu kutoka kundi hadi kundi, nawe unajibu swali.

Sasa dada yangu wa Nyabusozi, nirudi kwako. Matone ya rota si majaribio. Rota ni kirusi, si bakteria kama hawa niliowataja, na chanjo yake inatolewa kwenye kliniki zote za Tanzania tangu 2013. Hayo ya Gambia hayahusiani nayo kabisa. Hakuna mtu aliyesema anakuja Nyabusozi na ETVAX. Akija, ana masharti yake niliyoyaeleza juu. Kuhusu kumtii mumeo, sipendi uende kliniki kwa kujificha, nyumba haijengwi hivyo, na naamini mumeo hamchukii mwanawe. Amemuogopea, kama mimi nilivyowaogopea wajukuu wa yule mzee. Msomee andiko hili. Mwambie mwende kliniki wote wawili, akamuulize nesi mwenyewe maswali yake yote, hata yale ya uzazi, asione haya. Na kwa kuwa wiki sita zinatimia wiki ijayo na hatuna muda wa kubishana kwenye simu, nimeshakuomba namba yake. Nitampigia kesho baada ya Alfajiri, in shaa Allah.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.